UZI: Wanaosema maisha ni sheria ya msituni, wakapande kwanza mkarafuu wenye majimoto

NgoeMkononi (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum jamani. Juzi kwenye maskani moja hapa mjini kijana mmoja kashika zamu ya kusema, anatwambia maisha ni sheria ya msituni tu, mwenye nguvu ale mnyonge aliwe, wanyama ndo wanavyoishi na sie tunajidanganya na mambo ya ujirani na kusaidiana. Watu wote wanatikisa vichwa, naam, naam. Mie nikanyamaza kwa sababu kahawa kalipa yeye, lakini roho inaniwasha toka siku hiyo, basi nimekuja kuyamwaga huku.

Mie mtu wa Pemba, upande wa Wete, nimekulia kwenye mikarafuu ya babu. Toka niko darasa la nne msimu ukifika napanda. Sasa kama umewahi kuchuma unajua kwamba kinachomtia mchumaji hofu si urefu wa mti, ni majimoto, wale chungu wekundu wa kwenye majani. Umeshafika juu na pakacha lako, umeliona tawi limejaa, unalivuta kwa ngoe, kumbe umevuta na nyumba ya watu! Mkono mmoja umeshika mti, mmoja ngoe, huna mkono wa tatu, na wao washaingia ndani ya shati, wanang'ata kisha wanamimina tindikali yao pale pale walipofungua. Jina lao hawakupewa bure.

Siku hiyo nilikuwa na miaka kama kumi na mbili, nikateremka mbio nusura nivunjike, nalia. Babu hata pole hakunipa, akanishika mkono akanipeleka kwenye mchungwa wa pembeni akaniambia hebu watazame, leo wanajenga. Nikatazama. Kulikuwa na majani mawili yako mbalimbali, chungu mmoja hafiki. Akaja mwenziwe akamshika kiuno, na huyo akashikwa na mwengine, mpaka ukawa mnyororo wa chungu sita saba wananing'inia hewani, kisha wote kwa pamoja wakaanza kurudi nyuma, kidogo kidogo, yale majani yakasogeleana mpaka yakagusana. Sasa wakaja wengine, kila mmoja kabeba funza mweupe mdomoni, mtoto wao huyo, wanampeleka jani hili anagusa, jani lile anagusa, na kila akigusa anaacha uzi mweupe wa hariri. Mkubwa hana huo uzi, anao mtoto. Kwa hiyo nyumba wanaivuta wazee na anaishona mtoto mchanga ambaye hata macho hana. Nilisahau kulia yakhe.

Basi ukubwani nikawa nikipata chochote kinachohusu chungu hawa nakisoma. Kuna jambo moja mpaka leo likinijia nacheka peke yangu. Koloni lao halikai nyumba moja, linashika miti mingi, na kwenye mipaka ya himaya yao kuna vinyumba vya askari. Watafiti waliowachunguza jamaa zao wa Asia na Australia wamekuta wanaokaa kwenye vile vinyumba vya mpakani ni mabibi, wale wafanyakazi waliozeeka (maana wafanyakazi wote ni majike). Vijana wako katikati wanalea watoto. Hesabu yao iko wazi, mzee kazi keshafanya, siku zake zimebaki chache, akifa vitani koloni limepoteza kidogo. Sie tumegeuza. Wazee wamekaa kibarazani wanapanga vita, kijana wa miaka ishirini ndo anatangulizwa. Nani mnyama hapo sijui.

Halafu sikilizeni hili la minazi, na hili ni la kwetu kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na mtafiti Muingereza hapa Zanzibar akiitwa M. J. Way, alikuwa anatafuta kwa nini minazi mengine inaangusha vidaka kabla havijawa hata kitale. Ikaonekana kuna mdudu anafyonza vidaka vikiwa vichanga, na mdudu huyo mpaka leo jina lake la kitaalamu limebeba jina la huyo bwana. Mnazi wenye majimoto yule mdudu hathubutu, unazaa. Mnazi usio nao unapukutisha. Kwa hiyo wale waliokuwa wananitoa machozi kwenye karafuu ndo walinzi wa nazi ya mchuzi wangu (ila kwenye mikarafuu kesi yao si nyepesi, maana huko wanafuga vidung'ata vinavyofyonza mti ili wapate ule utamu unaovitoka, kama sie na ng'ombe, na mti ndo unaoumia).

Sasa majimoto nao wana hasimu. Kuna chungu wadogo wa ardhini, kuna ambao askari wao wana vichwa vikubwa mno, wakipanda mnazini wanawafukuza majimoto na yule mdudu anarudi. Wakulima wengi walidhani dawa ni kusafisha chini ya mti, palia, fyeka, kusibaki hata ukoka. Watafiti waliojaribu huku Tanzania wakakuta ni kinyume. Ukiacha majani chini, wale wa ardhini wanapata chakula chao huko huko chini na hawana haja ya kupanda, kila mmoja na ghorofa yake. Ukisafisha kabisa, umewanyima, nao watapanda juu kuja kupigana na aliyepo.

Hapo yule kijana wa kahawa ningependa anijibu. Mwenye nguvu hapo nani?

Bint_Bamvua

Kaka Ngoe umenikumbusha bi mkubwa wangu. Mie wa kusini, kwetu maji yakitoka bamvua wanawake wote wako mwambani na michokoo yao kutafuta pweza. Bibi alikuwa akisema ukimuona chewa au mkundaji kazubaa sehemu moja, haondoki, hata ukimsogelea anazunguka tu, basi chokoa hapo, pweza yupo. Mie nikijua ni maneno ya wazee. Kumbe wapo watu wamezamia Bahari ya Shamu na kamera wakawarekodi, pweza wa aina hii hii yetu, anawinda pamoja na samaki. Mkundaji anatangulia kutafuta, pweza anaingiza mikono kwenye matundu ambayo samaki hafiki, kinachotoka anakula aliyekiwahi.

Na sasa utamu. Kwenye hilo kundi hawakosekani wale wa kusubiri tu, hatafuti, hachokoi, kajibanza pembeni ale jasho la wenziwe. Pweza anamnyooshea mkono anampiga ngumi! Wallahi ngumi, samaki anarushwa pembeni. Wanaopigwa sana ni hao chewa. Nilipoiona ile video nilimkumbuka wifi yangu mmoja siku za harusi, anakuja jikoni masufuria yameshaepuliwa.

Ila haohao watafiti wanasema mara nyengine pweza anapiga tu hata kama hapo hapo hapati kitu. Na hilo pia nnaowajua wapo lol.

mvuvi_asiye_ngalawa

^^ hiyo ya wifi kali 😂😂

DumeAlfa_Zenj

Mnazunguka sana. Tazameni mbwa mwitu, wale wanaoitwa wolf. Kuna dume alfa, anapigana anachukua kundi, wengine wote wanainamisha vichwa. Ndo maofisini, ndo siasa, ndo hata kwenye mapenzi. Ukiwa mpole unaliwa. Huo ndo ukweli wa maumbile hata mkiupamba na chungu zenu.

NgoeMkononi

Dume, kaa hapa tuzungumze. Hiyo habari ya alfa ilitoka kwa Mswisi mmoja, Schenkel, alichapisha 1947, alikuwa anawatazama mbwa mwitu waliofungiwa bustani ya wanyama ya Basel. Wamekusanywa wametiwa kizuizini, wakapigana. Hata weye ukifungiwa chumba kimoja na watu usiowajua mtatafutana. Baadaye Mmarekani David Mech, ambaye mwenyewe ndo aliyelieneza neno hilo kwenye kitabu chake cha 1970, akaenda kaskazini kabisa Kanada, kisiwa cha Ellesmere, akawatazama walio huru miaka kadhaa, na 1999 akaandika kwamba kundi la mbwa mwitu ni familia. Huyo alfa ni baba. Na mama yupo. Hao wanaoinamisha vichwa ni wanawe, wakikua wanaondoka kwenda kuoa. Basi ndo hivyo, umebeba jina la baba wa watu wawili watatu na hujui.

DumeAlfa_Zenj

Jina nabadilisha ila hoja iko pale pale

Ustadh wa Mtaa wa Pili

Wa aleikum salaam. Nyinyi vijana mazungumzo mazuri lakini tuwe na mipaka. Mwanaadamu kakirimiwa, kapewa akili na atahesabiwa kwa matendo yake. Chungu hana hesabu. Ukianza kusema sisi na wanyama ni hali moja, kesho mtu ataiba atasema hata kunguru anaiba.

NgoeMkononi

Shehe wangu shikamoo, hapo tuko pamoja, sikusema ni hali moja. Lakini Sura nzima imeitwa kwa jina la chungu, na ndani yake yuko chungu aliyewatahadharisha wenziwe waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na jeshi la Nabii Suleiman, na Nabii akatabasamu kwa maneno yake. Na tumeambiwa pia hao wanaotembea na wanaoruka ni umma mfano wetu. Mie nimesimama hapo hapo, kuwatazama tu.

Na kuhusu akili, nenda pale Jozani ukawatazame kima punju wa mashambani. Wazee walikuwa wakiamini wana sumu, mti wakishautia mdomo unakufa, ndo hiyo punju. Wanakula majani ya mkungu na ya mwembe, yana dawa kali ndani yake zinazosumbua tumbo, kwa hiyo wakishakula wanakwenda kwenye matanuri ya zamani kutafuna mkaa. Mkaa unazinyonya zile sumu. Mtafiti Struhsaker na wenzake waliandika habari hiyo 1997. Mtoto anajifunza kwa mamaake, anamuona anakula naye anaokota. Madrasa hiyo shehe, haina ubao tu.

Ustadh wa Mtaa wa Pili

Marahaba. Haya la mkaa limenifurahisha, ila kunguru nimesema na narudia.

kibarazani_forodhani

Kunguru shehe msamehe, yeye aliletwa. Miaka ya 1890 Waingereza waliwaleta kutoka Uhindi waje kula taka za mji. Taka wakala, kisha wakala mayai ya ndege wetu, vifaranga vyetu na maandazi mkononi mwa mtoto. Wapo wageni wengi wa namna hiyo, nisitaje.

GandoMoja

Mimi wa Chwaka, nyuma ya nyumba yetu ni mikoko. Pale matopeni kuna wale kaa wadogo, dume ana gando moja kubwa kama mwili wake, anapunga asubuhi mpaka jioni, njoo njoo, anaita majike. Kila mmoja na tundu lake na kiwanja chake cha hatua moja. Watu wa Australia waliwafanyia utafiti jamaa zao ukatoka 2004. Akija kaa mgeni hana tundu, akamvamia kaa mdogo, yule jirani mkubwa anaacha tundu lake anakwenda kumsaidia mdogo! Si undugu. Ni kwamba huyu mdogo wameshagombana, mpaka wanaujua, wamezoeana. Akiingia mgeni mwenye nguvu itabidi waanze upya kupigania mpaka, na huenda yeye akashindwa.

Nilivyosoma hii nikamkumbuka jirani yetu mmoja, na baba wana kesi ya mnazi wa mpakani miaka na miaka, hawasalimiani vizuri. Alivyokuja mtu na karatasi zake anataka kiwanja cha baba, nani alikuwa wa kwanza kwenda kwa sheha kutoa ushahidi kwamba pale ni pa baba? Yeye. Na kesi ya mnazi ikaendelea wiki iliyofuata kama kawaida.

Pia gando likikatika linaota jengine, linarefuka vizuri tu lakini jepesi, halina nguvu. Na mwenziwe kwa kutazama hawezi kujua, mpaka washikane. Kwa hiyo wapo wanaotembea na gando la maonyesho na wanaheshimiwa. Mji Mkongwe nawajua kumi.

Mama Upatu

Nyie mnaongelea kaa, mie nina mchezo wa watu kumi na nne naukusanya kila Ijumaa, naomba mnisikilize. Kwetu Pemba tunajulikana kwa popo wale wakubwa wa Kidike, wala matunda, walikaribia kwisha kwa kuwindwa mpaka watu wakaamua kuwalinda, sasa wako maelfu. Lakini mie nasema wale popo wengine wa Amerika, wanyonya damu ya ng'ombe. Popo huyo akikosa kula siku mbili tatu anakufa, na kila usiku wapo wanaorudi mikono mitupu. Basi aliyeshiba anamtapikia mwenziwe damu kidogo mdomoni. Alilichapisha mtafiti Wilkinson mwaka 1984, huko Costa Rica, kwamba anayempa mwenziwe siku hii ndo anayepewa yake ikifika, udugu peke yake hautoshi.

Huo si mchezo huo? Unatoa ukiwa nacho ili upewe ukikosa.

Na popo wageni wasiojuana, walipowekwa pamoja kule Panama, hawakuanza na damu. Walianza kuchambuana manyoya, leo kidogo kesho zaidi, mpaka wakaaminiana ndo damu ikatoka. Mie mwanachama mpya simpi namba ya mwanzo hata alie. Anawekwa mwisho, na mchezo wake wa kwanza ni ule wa elfu tano. Mwaka juzi nilimuonea mtu huruma nikampa namba ya pili, kapokea, kahamia bara, simu haipatikani. Popo asingefanya kosa langu.

Bint_Bamvua

Pole shoga 😂 elfu tano ndo kuchambuana manyoya

DumeAlfa_Zenj

Mama Upatu namba ya mwisho bado ipo?

Mama Upatu

Badilisha jina kwanza

NgoeMkononi

Jamani mmenifurahisha, na bado nilikuwa na moja nimeiweka.

Miaka minne nilifanya kazi ya chombo, napeleka wageni Mnemba kuzamia kwa miwani. Pale mwambani kuna kasamaki kadogo kama kidole, kana mstari mweusi ubavuni na rangi ya buluu, kazi yake ni kusafisha samaki wenzake. Anakaa mahali pake maalumu, samaki wakubwa wanakuja wanapanga foleni, wanapanua mdomo, anaingia mpaka ndani anakula vidudu vinavyowanyonya. Na huyo mkubwa angeweza kumeza, hamezi.

Lakini yule msafishaji roho yake haipo kwenye vidudu. Anachokipenda ni ule utelezi wa ngozi ya samaki, na akijisahau anaung'ata. Mteja anashtuka, mwili unaruka, ukiwa majini unaona kabisa. Sasa tazama ufundi wake. Watafiti wa Bahari ya Shamu waligundua kwamba kama kuna samaki wengine wanatazama foleni inavyokwenda, anajirekebisha, hang'ati. Wakiondoka, anarudia. Hiyo hata sihitaji kuielezea kwa mtu aliyewahi kuomba karatasi ofisini.

Kubwa ni hili. Wakija wateja wawili pamoja, mmoja mkaazi wa mwamba ule ule ambaye hana kwengine kwa kwenda, na mmoja mpitaji mwenye kuzunguka miamba mingi, nani anahudumiwa kwanza? Mpitaji. Kwa sababu mpitaji akisubirishwa anakwenda kwa msafishaji mwengine. Mkaazi atakwenda wapi? Atasubiri.

Mwaka jana nimekaa na mke wangu mgahawa mmoja hapa mjini, jina nalihifadhi. Tumeagiza samaki wa kupaka na wali. Dakika arubaini. Wakaingia wageni wanne, wekundu wa jua, dakika kumi na tano sahani zao ziko mezani, na katikati samaki mkubwa anatoa moshi ambaye kwa hesabu zangu zote alikuwa wangu. Nikamwita kijana, nikamwambia sie tumetangulia, akanijibu kwa adabu kabisa, "Mzee sie ni watu wa hapa hapa, tutavumiliana." Mke wangu akaniambia nyamaza ule. Nile nini?

Nikakasirika mpaka nyumbani. Usiku nimelala nikakumbuka chombo changu. Mara ngapi kakaa mama wa Kiswahili pwani na watoto wake, anataka kuvushwa kwa bei ya kawaida, nikamwambia subiri bi, ngoja, kwa sababu kwa mbali nimeona kofia za wageni zinakuja? Yule mama hakuwa na mwamba mwengine. Kuna siku alingoja mpaka maji yakatoka, chombo kikakaa mchangani, na hakunitukana, alichukua watoto wake akarudi juu. Sura yake naiona.

GandoMoja

Dah

kibarazani_forodhani

Ngoe hii ya kijana "tutavumiliana" nimeisikia kwa masikio yangu, nahisi tumekaa mgahawa mmoja

Ustadh wa Mtaa wa Pili

Huyo mama kama unamjua, mtafute umtake radhi. Samaki hana wa kumtaka radhi, wewe unaye.

NgoeMkononi

Naambiwa watu wake ni wa Matemwe shehe. Msimu wa karafuu ukiisha nikirudi Unguja ntakwenda kuuliza. Kwa sasa niko njiani Pemba, mjomba kaniambia mkarafuu wa kona ya kisima umebeba hasa na hakuna anayetaka kuupanda, kila mtu anatafuta sababu. DumeAlfa nauli ya boti nakulipia, pakacha lipo, njoo uuchume wewe.

DumeAlfa_Zenj

Una majimoto?